Kuzuru katakombu za Roma: mwongozo kwa anayekwenda mara ya kwanza

Wengi wa ndugu zetu wanaofika Roma huwa na siku nne au tano tu. Siku ya kwanza ni Basilika la Mtakatifu Petro, ya pili Colosseum, ya tatu makanisa makubwa, halafu katakombu, yale makaburi ya kale yaliyochimbwa chini ya ardhi, zinasukumwa mpaka asubuhi ya kuondoka, huku mizigo inasubiri hotelini na kila mtu anatazama saa. Ninaishi Roma na nimekuwa nikiwapeleka wageni wa nyumbani huko kwa miaka kadhaa. Ninaloomba kwa kila anayekuja ni hili: zipe katakombu nusu siku nzima, tena uende kama anayekwenda kuzuru makaburi. Kwetu mtu haendi makaburini mbiombio. Anavaa vizuri, anapunguza sauti, anajua anakwenda kumwona nani. Ukienda hivyo utaona mengi ambayo wanaopita haraka hawayaoni.

Hatua ya 1: Jua ni mahali gani

Jina katakombu lilianza kama jina la eneo moja, kusini mwa Roma kando ya barabara ya Appia, ambako palikuwa na mashimo ya kuchimbia mchanga wa volkeno wa kujengea. Kwa Kigiriki paliitwa *kata kymbas*, yaani penye mabonde. Makaburi ya Wakristo yaliyokuwa hapo, ambayo leo ni ya Mtakatifu Sebastiano, yakabeba jina hilo, na baadaye makaburi yote ya namna hiyo yakaitwa katakombu. Wakristo wenyewe walitumia neno jingine la Kigiriki, *koimeterion*, mahali pa kulala.

Kwa nini chini ya ardhi? Sheria ya Roma tangu enzi na enzi ilikataza kuzika au kuchoma maiti ndani ya mji, kwa hiyo makaburi yote, ya wapagani, ya Wayahudi na ya Wakristo, yalikuwa nje ya kuta, kando ya barabara kuu. Warumi wengi walikuwa wakichoma maiti na kuhifadhi majivu. Wakristo walitaka kuzika mwili mzima, na kila marehemu apate kaburi lake. Ardhi ilikuwa ghali na waamini walikuwa wanaongezeka. Bahati yao ni kwamba chini ya Roma kuna mwamba laini wa majivu ya volkeno, uitwao tufo, unaokatika kwa sururu na kukauka ukipigwa na hewa. Mtu wa pwani ataelewa upesi, maana ndivyo yalivyokuwa matumbawe laini yaliyokatwa baharini kujengea nyumba na misikiti ya zamani: yanakatwa yakiwa mabichi, yakikauka yanakuwa jiwe. Basi wakachimba. Ghorofa ya kwanza ikijaa, wanashuka chini zaidi na kuanza nyingine.

Jambo moja lazima nilisahihishe mapema, kwa sababu karibu kila mgeni hufika nalo kichwani. Wakristo hawakuishi humo, wala hawakuhamia humo kujificha. Serikali ilijua vizuri makaburi haya yalipo. Mwaka 257 Kaisari Valeriano alitoa amri ya kuwakataza Wakristo kukusanyika makaburini, na Agosti 258 Papa Sisto II alikamatwa makaburini humo humo, akauawa pamoja na baadhi ya mashemasi wake. Waliingia kuzika, kufanya kumbukumbu za marehemu na kusali juu ya makaburi ya mashahidi. Uzito wa mahali pale unatoka hapo: watu walikuja kwa wafu wao hata wakati ambapo kuja kuliweza kuwagharimu roho.

Baada ya Wakristo kupewa uhuru wa kuabudu mwaka 313 mazishi yaliendelea humo kwa karibu miaka mia moja, yakakoma mwanzoni mwa karne ya 5. Mahujaji waliendelea kuja. Halafu vikaja vita. Wagothi walipouzingira mji mwaka 537 makaburi mengi yaliharibiwa, na katika karne ya 8 na ya 9 mapapa waliamua kuhamisha masalia ya mashahidi kuyaingiza makanisani, ndani ya kuta. Watu wakaacha kwenda, milango ikafukiwa na udongo, na makaburi mengi yakasahaulika mpaka mwaka 1578, wafanyakazi waliokuwa wanachimba kando ya barabara ya Salaria walipotoboa wakaona vyumba vyenye picha ukutani.

Kwa hiyo usitegemee kuona mafuvu. Lile ghala la mifupa la Paris ambalo watu wamelizoea kwenye picha ni jambo tofauti kabisa, la karne ya 18. Katika sehemu za Roma zinazotembelewa, makaburi mengi yako wazi na matupu.

Hatua ya 2: Chagua moja

Roma ina katakombu takriban 60, lakini zilizo wazi kwa wageni wa kawaida ni chache. Zile za Wakristo ziko chini ya Tume ya Kipapa ya Akiolojia Takatifu, iliyoundwa na Papa Pio IX mwaka 1852. Usijaribu kuingia tatu kwa siku moja. Kichwa kitachoka, na vijia vyote vitafanana.

Kama una nafasi moja tu maishani, nenda San Callisto, barabara ya Appia. Wanaoitunza ni Wasalesiani wa Don Bosco. Hili lilikuwa kaburi rasmi la Kanisa la Roma katika karne ya 3. Msimamizi wake wa kwanza anayejulikana alikuwa shemasi Kalisto, aliyepewa kazi hiyo na Papa Zefirini, na baadaye akawa Papa mwenyewe. Vijia vyake vinakaribia kilomita 20. Humo mna chumba cha mapapa na kaburi la kwanza la Mtakatifu Sesilia, yule ambaye jina lake limebebwa na kwaya za parokia zetu kila kona. Humo pia alizikwa Tarsisi, msimamizi wa watoto wanaotumikia altareni. Kama unasafiri na mtoto wa kazi hiyo, usisahau kumwambia.

San Sebastiano iko mwendo mfupi mbele, barabara hiyo hiyo. Hapa panawafaa wanaompenda Petro na Paulo. Katika karne ya 3 Wakristo walikuwa wakikutana hapa kuwakumbuka mitume hao wawili, wakila pamoja chakula cha kuwakumbuka. Mwana wa kwetu aliyekaa arobaini hahitaji kuelezwa sana. Kwenye plasta ya ukuta wa pale walipokuwa wanakula, mahujaji walikwaruza maombi yao kwa ncha ya kitu chenye makali, mamia ya maombi. Moja linasema, *Paulo na Petro, mwombeeni Victor*. Basi. Hatujui Victor alikuwa na shida gani. Chini zaidi kuna nyumba tatu za makaburi ya wapagani, nzuri ajabu, zilizofukiwa na hivyo zikahifadhika.

Domitilla, kando ya barabara ya Sette Chiese, ina kilomita 17 za vijia, na unaingia kwa kupitia kanisa la karne ya 4 lililozama nusu ardhini, juu ya makaburi ya mashahidi Nereo na Akileo. Hapo mna picha zilizosafishwa kwa mwanga wa leza na kuonyeshwa mwaka 2017, zikiwemo za watu wa biashara ya ngano na mikate. Mimi napapenda kwa sababu mara nyingi pametulia.

Priscilla iko upande wa pili wa mji, kaskazini, barabara ya Salaria, na inatunzwa na masista Wabenedikti. Kama unapenda picha, achana na nyingine zote uende hii. Humo mna picha ya Mama Maria akiwa na Mtoto, ya karne ya 3, ambayo huhesabiwa kuwa ya kale kuliko zote zinazojulikana. Ni ndogo, iko juu darini, na usipooneshwa utapita chini yake bila kujua.

Hatua ya 3: Panga siku na saa

Kila moja ina siku yake ya kufunga katika wiki, na siku hizo hazifanani:

San Callisto hufunga Jumatano.
San Sebastiano hufunga Jumapili.
Domitilla hufunga Jumanne.
Priscilla hufunga Jumatatu.

Zaidi ya hapo, kila moja hufungwa kwa wiki kadhaa majira ya baridi, kati ya Desemba na Februari, tena kwa zamu. Angalia tovuti ya katakombu yenyewe kabla hujakata tiketi ya ndege. Mwaka mmoja nilifika lango la San Callisto na watu saba, mmoja wao mzee wa miaka 74, siku ya Jumatano. Kosa lilikuwa langu, sikuangalia kalenda. Tulitembea mpaka San Sebastiano na siku ikaokoka, lakini yule mzee alikuwa ametoka nyumbani na nia ya kusali kwa Sesilia, na kesho yake asubuhi alikuwa anaruka.

San Callisto, Domitilla na Priscilla hufungua saa tatu asubuhi mpaka saa sita mchana, halafu saa nane mpaka saa kumi na moja jioni. Angalia sana saa za kwenye tiketi: zimeandikwa kwa hesabu ya Wazungu. 10:00 ni saa nne asubuhi. Nimeona watu wazima wenye akili zao wakikosana na zamu yao kwa sababu mmoja wao alisoma tarakimu akaitamka kama ilivyo, na wenzake wakaisikia kwa hesabu yetu. Mkiwa kundi, mwandikieni kila mtu “saa nne asubuhi” kwa maneno.

Zamu nzuri kuliko zote ni ile ya kwanza ya asubuhi.

Hatua ya 4: Viza, tiketi na njia

Anayetoka Afrika Mashariki kwa pasipoti ya kwetu anahitaji viza ya Schengen, na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Omba mapema, miezi kadhaa kabla. Zaidi ya hapo sina la kuongeza, ubalozi utakueleza.

Kiingilio cha katakombu ni kama euro 10 kwa mtu mzima, na watoto wana punguzo. Bei hiyo inajumuisha mwongozaji, kwa kuwa hakuna anayeruhusiwa kushuka peke yake. Makundi hupangwa kwa lugha: Kiitaliano, Kiingereza, Kifaransa, Kihispania, Kijerumani na nyingine. Kwa Kiswahili hakuna zamu ya kila siku, lakini mji huu una mapadre na masista wengi wa kwetu wanaosoma vyuo vya kipapa. Kama kikundi chenu kina padre, andikeni mapema na kuomba pia nafasi ya Misa chini humo. Mahujaji huruhusiwa, ila lazima ipangwe.

Kwenda barabara ya Appia, panda basi namba 118 karibu na Colosseum au Circo Massimo, au namba 218 pale San Giovanni in Laterano, inayokwenda mpaka Fosse Ardeatine. Tiketi za basi nunua kwenye duka lenye alama kubwa ya T, kisha uigonge kwenye mashine ukishapanda. Usipoigonga, kwa mkaguzi huna tiketi.

Ukitaka kutembea, shukia kwenye kanisa dogo liitwalo Domine Quo Vadis, mahali ambapo mapokeo yanasema Petro, akiikimbia Roma, alikutana na Bwana. Kutoka hapo barabara ya Appia ni nyembamba, ina kuta pande zote mbili, haina njia ya waenda kwa miguu, na magari yanapita kwa kasi. Usiipite hiyo. Karibu na kanisa kuna lango la njia ya ndani ya uwanja wa San Callisto, imenyooka, ina miti ya misonobari na mashamba pande zote, hakuna gari. Ni dakika ishirini hivi kwa mwendo wa taratibu. Wazee wanaipenda. Ni vizuri pia moyo uanze kutulia kabla ya kushuka.

Hatua ya 5: Andaa mwili

Chini kuna baridi ya nyuzi 15 au 16, mwaka mzima, na unyevu mwingi. Hata Agosti, juu kukiwa kunaunguza, beba sweta au kitenge cha kujitanda. Viatu viwe bapa na vyenye kushika, maana ngazi za mawe huteleza. Nenda msalani kabla, huko chini hakuna. Ziara huchukua kama dakika 40, wakati wote mmesimama au mnatembea.

Mwenye pumu, mwenye magoti mabovu, na anayeogopa mahali pembamba, waambieni ukweli mapema. Vijia vina upana wa kama mita moja, vinapinda na kuchipuka vingine kama vichochoro vya Lamu, ila huku hakuna mbingu juu yako. Anayetumia kiti cha magurudumu kwa kawaida hawezi kushuka. Huyo msimwache peke yake langoni: San Sebastiano, kwa mfano, ina kanisa juu ya makaburi lenye mambo ya kuona, na mmoja wenu akae naye.

Hakuna kupiga picha chini. Hakuna kuwasha mshumaa. Nguo ni zile unazoingia nazo kanisani.

Hatua ya 6: Ukiwa chini

Kaa karibu na mwongozaji, na ukae mbele. Mwanzilishi wa utafiti wa katakombu, Antonio Bosio, aliingia Domitilla tarehe 10 Desemba 1593 na wenzake, wakapotea, mishumaa ikawa inakwisha. Baadaye aliandika kwamba hofu yake ilikuwa kufia humo na kuyatia najisi makaburi ya mashahidi kwa mwili wake. Walitoka salama, naye akatumia maisha yake yote kuyachora makaburi hayo. Jina lake, aliloliandika ukutani, bado lipo.

Kitu cha kwanza utakachokiona ni mashimo marefu yaliyochongwa ubavuni mwa ukuta, moja juu ya jingine, kama vitanda vya meli. Waislamu wa kwetu wana neno linalokaribia sana, mwanandani, ule ubavu wa kaburi anamolazwa marehemu. Hapa mwanandani umechongwa ukutani. Maiti ilivikwa sanda, ikalazwa, halafu mdomo wa shimo ukazibwa kwa matofali au bamba la marumaru, na kupigwa chokaa. Wenye uwezo walichimbiwa kaburi lenye tao juu yake, au chumba kizima cha familia chenye picha darini. Waliochimba walikuwa kundi maalumu la Kanisa, wachimba kaburi, na kazi yao ilihesabiwa kuwa huduma.

Sasa punguza mwendo, na utazame mashimo mafupi. Yako mengi sana, mengine hayazidi urefu wa mkono wa mtu mzima kutoka bega hadi vidole. Ni ya watoto wachanga. Mara ya kwanza nilimpeleka shangazi yangu, na wengine walipokuwa wanaharakisha kwenda chumba cha mapapa, yeye alisimama akapima kimoja kwa macho. Akanong'ona, “Huyu hakufika hata arobaini.” Kisha akaanza kuhesabu, kimoja, viwili, vitano, mpaka mwongozaji akarudi kumwita. Nikajua kwamba nilikuwa nimepita pale mara kumi bila kuwaona.

Tazama pia chokaa pembezoni mwa makaburi yaliyobaki yamefungwa. Maskini hawakuweza kulipia bamba lenye maandishi, na katika giza lile kaburi lisilo na jina lingefanana na jirani yake. Kwa hiyo, chokaa ikiwa bado mbichi, ndugu walibandika kitu kidogo: kitako cha bilauri, sarafu, kombe la baharini, mwanasesere, taa ya udongo. Ndicho kilichokuwa jina. Mama alipokuja na taa yake, aliutafuta ule mwanasesere, akajua mwanawe yuko hapo. Vingi vimeng'olewa na wezi au kupelekwa makumbusho, lakini alama zake zimebaki kwenye chokaa, na ukimuuliza mwongozaji atakuonesha.

Usiguse. Jasho la kidole kimoja si kitu, lakini ni vidole vya maelfu kila mwezi. Ukiona vigumu kujizuia, mkumbuke Papa Damaso. Huyu aliongoza Kanisa kati ya 366 na 384, akatengeneza makaburi ya mashahidi na kuyaandikia mashairi kwenye marumaru. Katika shairi aliloliweka kwenye chumba cha mapapa anasema kwamba alitamani naye azikwe hapo, ila aliogopa kuyasumbua majivu ya watakatifu. Akazikwa kwingine.

Chumba chenyewe ni kidogo kuliko wengi wanavyotarajia. Mapapa tisa wa karne ya 3 walizikwa humo. Kilipatikana mwaka 1854 na Giovanni Battista de Rossi, baada ya miaka mitano ya kufuata kipande cha marumaru alichokiona mwaka 1849 katika shamba la mizabibu. Kilikuwa na herufi NELIUS MARTYR. Akasema ni mwisho wa jina la Papa Kornelio, kwa hiyo kaburi la mapapa haliko mbali. Akamshawishi Papa Pio IX anunue shamba, na mwaka 1852 nusu ya pili ya jiwe ikapatikana chini.

Picha zitakuja haraka haraka, basi ziweke kichwani kabla. Mchungaji aliyebeba kondoo mabegani ni Kristo. Mtu aliyesimama na mikono miwili imeinuliwa ni roho ya marehemu inayosali. Nanga ni tumaini. Njiwa mwenye tawi la mzeituni ni roho iliyofika kwenye amani. Samaki ni jina: herufi za neno la Kigiriki *ichthys* ndizo zinazoanzia maneno Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, Mwokozi. Yona yuko kila mahali, akimezwa, akitapikwa, akipumzika chini ya mmea, na hilo linaeleweka, kwa sababu alikaa siku tatu gizani akatoka.

Hatua ya 7: Jifunze kusoma mabamba

Hii ndiyo hatua ambayo vitabu vya wageni huiruka, na mimi naiona kubwa kuliko zote. Huhitaji kujua Kilatini. Maneno machache yanatosha kukufungulia mabamba mengi yaliyopachikwa ukutani.

VIXIT ni “aliishi”. Baada yake hufuata ANNIS, miaka, MENSIBUS, miezi, na DIEBUS, siku, mara nyingi kwa kifupi tu: ANN, MENS, D, pamoja na tarakimu za Kirumi. Hesabu mwenyewe. Ukikuta miaka ni miwili au mitatu, na bado wazazi wametaja miezi na siku, utaona jinsi walivyokuwa wakimhesabia.

IN PACE ni “katika amani”. Litakuwa la kwanza kulitambua.

BENE MERENTI, au B M, ni “kwa aliyestahili mema”, maneno ya mume kwa mke, ya wazazi kwa mtoto.

DEP au DP ni kifupi cha DEPOSITUS, au DEPOSITA kwa mwanamke. Wafasiri huandika “amezikwa”, na ni sawa, lakini neno lenyewe linatokana na kumkabidhi mtu kitu akutunzie, ukijua utakirudia. Kwa Kiswahili tunalo neno lake kamili: amana. Waliandika kwamba mtu wao amewekwa amana. Nikiwaeleza wageni kwa Kiingereza hupokea kwa adabu tu. Nikisema “amana”, akina mama hutikisa vichwa.

Baada ya DEP huja tarehe, mara nyingi bila mwaka. Siku ndiyo iliyokuwa muhimu, kwa sababu ndiyo siku ambayo familia ingerudi kila mwaka kufanya kumbukumbu.

Katika chumba cha mapapa maandishi ni ya Kigiriki, lugha ya Kanisa la Roma wakati huo. Tafuta bamba la Fabiano, aliyeuawa mwaka 250. Baada ya jina utaona kifupi cha “askofu”, na pembeni kuna alama ya M na R, “shahidi”, iliyochongwa na mkono mwingine, kwa kina kidogo kuliko herufi nyingine. Iliongezwa baadaye, bamba likiwa limeshawekwa mahali pake.

Hatua ya 8: Ukitoka

Mwanga wa jua utakuumiza macho. Kaeni kwanza chini ya miti, mnywe maji, msiwakimbize wazee kwenye basi. Anayetaka aende Fosse Ardeatine, hatua chache tu kutoka San Callisto, ambako tarehe 24 Machi 1944 Wajerumani waliwaua watu 335 ndani ya mashimo ya mchanga ule ule wa volkeno. Ni kaburi jingine, la juzi, na familia bado huja na maua.

Watu wengi watauliza: sasa mashahidi wenyewe wako wapi? Wako mjini. Papa Paskali I aliwaleta kwa wingi. Katika kanisa la Santa Prassede, karibu na Santa Maria Maggiore, kuna bamba la mwaka 817 linalotaja miili 2,300. Na mwaka 821 Papa huyo huyo alimhamisha Sesilia kutoka San Callisto hadi kanisa lake huko Trastevere.

Kwa hiyo jioni hiyo hiyo vukeni mto mwende Santa Cecilia in Trastevere, mkiangalia kwanza saa za kanisa, kwani nalo hufungwa mchana. Kule San Callisto mtakuwa mmeona nakala ya sanamu yake, na hapa ndipo ilipo yenyewe, kazi ya Stefano Maderno ya mwaka 1600, aliyoichonga baada ya jeneza kufunguliwa mwaka 1599. Amelala ubavu, uso umegeukia chini, kilemba kimemfunika kichwa, shingoni kuna alama ya upanga. Tazameni mikono: mmoja umenyoosha vidole vitatu, mwingine kimoja, na waamini husema ndivyo alivyokiri kwa mara ya mwisho Utatu na Mungu mmoja. Mkiwa na wanakwaya, waacheni waimbe ubeti mmoja kwa sauti ya chini kama hakuna ibada. Shangazi alianzisha, na mlinzi wa kanisa alibaki amesimama mlangoni mpaka tulipomaliza.